Nyumba Iliyopigwa Deki Kabla ya Mkaguzi

Mkaguzi wa bima alipofika mlangoni kwa Bi Deki, kitu cha kwanza alichofanyiwa ni kuvuliwa viatu.

"Samahani baba," Bi Deki alimwambia, kasimama kizingitini kama askari wa getini. "Humu ndani hatuingii na viatu. Ndala hizo hapo, chagua."

Yule bwana alikuwa amevaa mabuti ya mpira mpaka magotini. Alikuja kamili kamili: kofia ngumu, tochi, kamera shingoni na jalada la fomu kwapani. Asubuhi ile alishapita nyumba tano za mtaa ule, zote akizama tope hadi kwenye vifundo. Akavua mabuti, akavaa ndala za maua zilizoacha visigino vyake nje, akaingia sebuleni. Akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Sakafu iling'aa hata mtu angeweza kunyolea ndevu. Kuta nyeupe pee. Mapazia yamepigwa pasi. Viti vya plastiki vimepangwa ukutani vimenyooka kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa.

"Mama," akasema taratibu, "mafuriko yako wapi?"

"Si yalikuwa humu humu! Maji yalifika hapa." Bi Deki akajigusa kiunoni. "Lakini keti kwanza, chai inakuja."

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na yeye alikuwa anachagua vikombe.

Usimcheke bado. Mwanamke huyu alikuwa msimamizi wa chumba cha mashuka katika hospitali, miaka ishirini na miwili akipokea mashuka machafu na kuyatoa meupe. Doa la damu alilijua kwa harufu, la dawa kwa rangi. Manesi walimpa jina la Bi Deki kwa sababu hata akienda kumwona mgonjwa wodini, kabla hajauliza hali atainamia chini kutazama pembe za chumba. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Mumewe, fundi wa mizani ya madukani, mtu asiyesema neno mpaka alipime, naye akawa anamwita hivyo hivyo.

Waliishi katika nusu ya nyumba pacha waliyoachiwa mume na dada yake na wazazi wao. Ukuta mmoja katikati, paa moja juu, milango miwili mbele. Nusu ya pili aliishi dada mtu, mwalimu wa udereva, mwenye sauti ya kuzoea kupigia kelele watu ndani ya gari lililofungwa vioo. Mtaa mzima ulimwita Mama Gia.

Na Mama Gia, tuseme ukweli, alikuwa mchafu. Siyo mchafu wa kutisha, mchafu wa raha tu. Vyombo vya jana vilivipokea vya leo. Viatu vya wageni vililala sebuleni kama mbuzi. Lakini nyumba yake haikukaukiwa na watu! Wanafunzi waliofaulu mtihani wa leseni walikuja kumshukuru, walioanguka walikuja kulia, majirani walikuja kwa sababu wengine wamekuja. Bi Deki alisikia vicheko vile kupitia ukutani huku amekaa peke yake kwenye sofa lake la krimu lenye vitambaa mgongoni. Kwake watu walikaa ukingoni mwa kiti dakika kumi, wakaaga. Waliogopa kuacha alama. Jambo hili lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Mtu anayesugua namna ile kukosa wageni si haki! Au vipi?

Mafuriko yalikuja Jumanne mchana, baada ya mvua ya siku tatu. Mfereji wa nyuma ya mtaa uliziba, maji yakatafuta njia nyingine, na njia ikawa ile nyumba pacha. Hayakubagua. Yaliingia kwa Bi Deki na kwa Mama Gia dakika ile ile, yakapanda kwa kimo kile kile, yakakaa siku mbili, yakatoka yakiacha tope jeusi. Hakuna aliyeumia. Wote walikimbilia kwa ndugu upande wa mlimani, wakarudi Alhamisi.

Wote wawili walikuwa na bima ya nyumba. Wakala wa kampuni alikuwa mwanafunzi wa Mama Gia aliyeanguka mtihani mara tatu, na siku moja, akisubiri somo lake, akawaandikisha wote kwa kalamu moja. Hati zilikuwa za namna moja, ila kila nyumba na namba yake.

Mama Gia aliporudi alifungua mlango, akasema "Mama yangu wee!", akapiga picha mbili tatu kwa simu, akafunga mlango akaenda zake kufundisha. "Mkaguzi akija atajionea," alisema. Ndiyo tabia yake.

Bi Deki simu yake ilikuwa imekufa maji ndani ya droo. Kampuni ikampigia mumewe: mkaguzi atakuja Jumatatu, tafadhali msiondoe wala kusafisha kitu kabla hajaona.

"Wamesema tusiguse," fundi mizani alileta ujumbe.

"Tusiguse nini?"

"Chochote."

"Yaani mgeni atoke ofisini kwake, aje nyumbani kwangu, akute tope mpaka dirishani? Halafu akirudi aseme nini? Kwamba mke wako ni nani?"

Mume akapima jibu, akaliona zito, akaliacha.

Kwa siku nne Bi Deki hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alizoa tope kwa ndoo. Sofa la krimu, godoro, zulia, kabati la vyombo lililovimba, vyote alivisukuma barabarani, gari la taka likavichukua. Akasugua kuta kwa dawa ya hospitali. Akapaka rangi nyeupe ya akiba mpaka ule mstari wa maji ukapotea. Akaazima viti. Jumapili jioni alisimama mlangoni, mgongo unamuuma, akatazama kazi yake kama mtu aliyemaliza kujenga meli.

Ndiyo hiyo nyumba aliyoingia mkaguzi na ndala za maua. Akanywa chai, akagusisha ukutani kidude chake cha kupimia unyevu, akaandika mistari minne, akashukuru. Kisha akaenda mlango wa pili. Mama Gia alimkaribisha na mabuti yake, na Bi Deki, sikio ukutani, alisikia kamera ikilia ka, ka, ka kwa saa nzima.

Barua zilikuja wiki mbili baadaye, siku moja. Ya Mama Gia ilisema kampuni inakubali madai yake yote, na mafundi wake watafika kukausha, kubomoa vilivyooza na kurudisha nyumba katika hali yake. Ya Bi Deki ilisema wanasikitika. Unyevu umeonekana ukutani, lakini vitu vilivyodaiwa kuharibika havikuthibitika. Watamtengenezea mlango mmoja wa nyuma uliovimba. Asiporidhika, alete ushahidi ndani ya siku kumi na nne.

"Mlango mmoja," Bi Deki alisema.

"Wa nyuma," mumewe alimsaidia.

Siku ya pili yake yakaanza mateso. Lori likaegesha mbele ya mlango wa Mama Gia, likashusha mashine za kukaushia, mafeni makubwa kama ngoma. Yakawashwa. Yalinguruma tangu asubuhi mpaka machweo, na Bi Deki, upande wake wa ukuta, akahisi kama yanamngurumia yeye. Yalipozimwa zikaanza nyundo. Plasta ya zamani ikabanduliwa, mpya ikapakwa. Kila nyundo ilipogonga, rangi yake nyeupe ilimwagika unga kidogo upande huu, maana chini ya rangi ile ukuta ulikuwa mbichi bado. Kwenye pembe ya chumba cha kulala ukungu ukaota, doa la kijani kama sarafu. Akalifuta. Kesho yake likawa mawili.

Akaanza kupeleka chai kwa mafundi. Mama Gia akaguswa. "Wifi yangu una moyo!" Moyo gani! Alikwenda kuangalia. Aliangalia makabati ya jikoni yakiingia, mbao nyepesi, vitasa vya kung'aa, droo zinazojifunga zenyewe polepole bila kelele. Alizifungua droo zile na kuziacha zijifunge, mara sita, mpaka fundi akamuuliza kama kuna kitu anatafuta. Aliangalia vigae vya sakafu, rangi ya asali, vikubwa. Aliingia chooni akijifanya ana haja, akakuta sinki jipya na kioo chenye taa. Akajiona ndani ya kioo kile na sura yake haikumpendeza, akatoka.

"Droo zinajifunga," alimwambia mumewe.

"Zipi?"

"Za dada yako. Mtu ambaye hajawahi kufunga droo maishani mwake! Sasa zinajifunga zenyewe!"

"Labda ndiyo maana wamempa."

Alikosa chai siku hiyo, fundi mizani.

Siku ya tisa Bi Deki alivaa gauni lake la ofisini akaenda kampuni ya bima. Karani alikuwa dada mwenye miwani na subira.

"Mwanangu," Bi Deki alianza, "maji yalibisha hodi kwa wifi yangu, halafu yakanirukia mimi? Tuna ukuta mmoja!"

"Tunajua yalifika kwako, mama. Hatujui yaliharibu nini. Unasema sofa. Sofa liko wapi?"

"Nilitupa."

"Godoro?"

"Nilitupa."

"Una picha? Risiti? Mtu yeyote aliyepiga picha?"

"Simu ilikufa maji."

"Basi tafuta, mama. Zimebaki siku tano. Ukipata picha hata moja yenye sofa ndani ya maji, mimi mwenyewe nitalisukuma faili lako."

Hapo angeondoka, na mimi ningemsifu. Lakini alishafika mlangoni, mkono kwenye kitasa, na kile kitasa kiling'aa kama vitasa vya makabati ya Mama Gia. Akarudi.

"Na makabati ya watu," akasema, akishusha sauti, "yakiwa na mchwa kabla ya mafuriko, nayo mnalipa?"

Karani akainua miwani. "Makabati ya nani?"

Kidogo kidogo, kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa, akamaliza yote. Karani akampa karatasi aandike maelezo, aweke sahihi. Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata yeye aliusifu. Njiani kurudi alijisikia mwepesi kwa hatua kama hamsini hivi. Baada ya hapo akaanza kupunguza mwendo.

Siku nne alitafuta picha. Majirani walikuwa wamepiga za barabara, za mfereji, za mbwa aliyepanda juu ya gari. Za sofa lake hakuna.

Siku ya kumi na nne, siku ya mwisho, nyundo za upande wa pili zikanyamaza ghafla alasiri. Kisha sauti ya Mama Gia ikapenya ukuta bila taabu:

"Wifiiii! Hebu njoo huku unisaidie! Kuna mtu anasema nafuga mchwa!"

Bi Deki akatua ufagio wake. Alikwenda. Jikoni kwa Mama Gia mafundi walikuwa wamekaa juu ya ndoo, kazi imesimamishwa. Yule mkaguzi alikuwepo na jalada lake. Alimsalimu Bi Deki kama mtu asiyemjua, na Bi Deki akamshukuru moyoni.

"Wifi, wewe ndiye shahidi wangu," Mama Gia alisema. "Unaingia humu kila siku. Umewahi kuona mchwa kwenye makabati yangu?"

Bi Deki akapangusa vumbi kwenye kitasa cha kabati jipya.

"Hata picha zipo!" Mama Gia hakungoja. "Tazama baba, mwezi kabla ya mvua, mwanafunzi wangu alipofaulu, tumepiga hapa hapa jikoni. Makabati hayo nyuma. Mchwa uko wapi?"

Mkaguzi akashika simu, akakuza picha, akatikisa kichwa kukubali. Akasogeza kidole kuona nyingine, na nyingine, mpaka zile za tope. Kidole kikasimama.

"Hii si kwako. Hii sebule ya nani?"

Bi Deki alichungulia. Akaliona sofa lake. Limezama tope hadi kwenye mikono, vitambaa vimelala juu ya tope kama mayai ya kukaanga. Kabati la vyombo limefungua milango yote. Ukutani mstari mweusi wa maji, umenyooka. Picha ya pili ni chumba cha kulala, godoro limekunjamana. Ya tatu ni yeye mwenyewe, kwa mgongo, amebeba ndoo. Chini yake maneno yaliyotumwa kwenye kundi la wanawake wa ukoo, kundi ambalo Bi Deki hakujua kama lipo: *Malkia wa usafi leo kakutana na kiboko yake. Jamani nimecheka mpaka mbavu.*

Mafundi wakatazama ndoo zao.

"Wifi," Mama Gia alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake iliweza kukaa ndani ya chumba. "Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umeenda kumwaga tope."

Bi Deki hakujua aanze na lipi. Damu ilimpanda, machozi yakamsogelea, na papo hapo, katikati ya hasira, akili yake ya chumba cha mashuka ikahesabu: sofa, godoro, kabati, mstari wa maji. Yote yapo.

Mkaguzi naye alihesabu. "Mama, muda wako unaisha leo saa kumi. Hizi zikinifikia kabla ya hapo, zikiwa na tarehe zake, faili lako linafunguka. Lakini simu si yangu. Mwenyewe ndiye atume."

Mama Gia akachukua simu yake. Kidole kikakaa juu ya kioo, hakikubonyeza.

"Nitatuma," alisema. "Sina neno. Ila kwanza nataka kujua nani kanichongea."

"Siruhusiwi kusema," mkaguzi akajibu haraka mno, macho juu ya dari mpya.

Angeweza kunyamaza. Mama Gia si mtu wa kinyongo, angetuma tu, kama si saa hiyo basi kesho. Lakini kwa Mama Gia kesho ni neno pana, na saa kumi haikuwa mbali. Tena yule wifi mtu alishaanza kumtazama, taratibu, kama anavyomtazama mwanafunzi anayesema aliiona ile taa nyekundu.

"Ni mimi," Bi Deki alisema.

Mama Gia akashusha simu.

"Mchwa, wifi?"

"Niliuona kwenye mlango wa stoo yako. Zamani. Haukuwa kwenye makabati." Akamgeukia mkaguzi. "Andika, baba. Nafuta maneno yangu. Nilidanganya."

"Ungesema hata panya ningekuelewa," Mama Gia alisema. "Lakini mchwa! Nimekukosea nini mimi?"

"Umepata kila kitu bila kufagia!" Ilimtoka kwa nguvu mpaka fundi mmoja akaangusha mwiko. "Mimi nimesugua mpaka kucha zimetoka, nimepewa mlango wa nyuma. Wewe umefunga mlango ukaenda kazini, unaletewa droo zinazojifunga! Na watu wanakuja kwako. Wanacheka. Kwangu hakai mtu!"

Mama Gia alikaa juu ya ndoo tupu. Akafikiri, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Unajua kwa nini nilipiga hizo picha?" akasema. "Miaka kumi na tisa tunakaa ukuta mmoja sijaona unyoya ndani ya nyumba yako. Kila ndugu akija ananiambia, nenda ukajifunze kwa wifi yako. Mama yangu mzazi alikufa anasema hivyo. Siku ile nilipoona tope kwako, Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko nilivyohuzunika kwa langu."

"Ulifurahi?"

"Sana."

"Na mimi nilipoandika ile karatasi nilifurahi," Bi Deki alisema. "Kidogo. Haikudumu."

Mama Gia akabonyeza. Simu ya mkaguzi ikalia mfukoni, mara tatu, picha moja baada ya nyingine. Akaziangalia, akaandika saa juu ya fomu: saa tisa na dakika kumi. Akamwambia Bi Deki maneno mafupi ambayo yangestahili kuandikwa kila mlango: nyumba ikiharibika, piga picha kwanza, tupa baadaye, na usimsafishie mkaguzi. Kisha akavaa kofia yake akaondoka, na mafundi wakanyanyuka kwenye ndoo.

Wale wanawake wawili hawakukumbatiana. Walikaa wiki nzima wakisalimiana kwa kichwa. Bi Deki alipopata simu nyingine, Mama Gia akamwingiza kwenye lile kundi la ukoo bila kumwomba ruhusa, akamtumia na maneno yote ya nyuma, na Bi Deki akasoma yote aliyosemwa tangu mwanzo, siku mbili, akijibu moja moja.

Barua ya pili ilikuja na neno lililotakiwa: imekubaliwa. Lori likaegesha mlango wa kwanza safari hii. Plasta yake ikabanduliwa, na nyuma ya rangi ile nyeupe ukungu ulikuwa umeshajenga mji. "Ungekaa humu mwaka mmoja, mama, ungekohoa mpaka uhame," fundi alimwambia. Wiki tatu akavumilia vumbi, marufuku kufagia mpaka mafundi wamalize, na kila jioni mumewe alimkuta amekaa juu ya mikono yake ili isishike ufagio.

Vigae vya rangi ya asali vilikuwa vimekwisha ghalani. Bi Deki alipoambiwa nusura alie. Wakamletea vingine, kijivu cha kukolea, vyenye mishipa myeupe kama wingu la mvua. Vikapangwa, vikakauka, akapiga deki ya kwanza kwa mikono miwili.

Mama Gia akaja kutazama. Alivua viatu mwenyewe, akasimama katikati ya sebule. Akatazama chini muda mrefu. Akapitisha kidole cha mguu juu ya mshipa mmoja mweupe, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Bi Deki alikijua vizuri sana, "hivi mbona mimi hawakunionyesha?"

"Keti," Bi Deki alimwambia, na akaenda kuchagua vikombe. Hakufanya haraka.